Namna ya Kulinganisha Kipolandi na Kiswahili Bila Kufukuzwa Mezani

Meza ya Wapolandi huwa na wageni wa namna mbili wanaochosha. Wa kwanza hutangaza kwamba Kipolandi hakijifunziki, kisha huinamia supu yake. Wa pili amekisoma kwa miezi michache, amenunua kamusi nene, na sasa anamweleza kila mtu kwamba Wapolandi hufikiri hivi na Waswahili hufikiri vile. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili. Wa kwanza anaweza kubadili nia wakati wowote, lakini wa pili asipowahiwa ataandika kitabu.

Nalisema hili kwa mapenzi, maana kulinganisha lugha ni kazi tamu na ina faida. Ila kila neno lina kwao. Kabla hujatamka Mpolandi anamaanisha nini, uliza ni Mpolandi wa wapi, wa rika gani, na anazungumza na nani. Ukilishika hilo, hatua nane zifuatazo zitakupitisha salama hadi kwenye kitindamlo.

Hatua ya 1: Anza na kile ulichokuja nacho

Usikubali kutishwa na konsonanti. Msemaji wa Kiswahili anaingia katika Kipolandi na mtaji ambao Mwingereza na Mfaransa hawana: mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema *Warszawa* kama unavyosema *barabara*, mkazo utajiweka mahali pake. Yapo maneno machache yanayokaidi, kama *matematyka*, ambalo wasemaji makini hulikazia silabi ya tatu kutoka mwisho, lakini hayo yasubiri.

Kisha jifunze kusoma herufi. W yao ni v yetu. Sz ni sh, cz inakaribia sana ch, j ni y, na ł yenye mkato ni w. Kwa hesabu hiyo mji uliosifika zamani kwa viwanda vya nguo, unaoandikwa Łódź, hutamkwa karibu na "wuch", na bandari ya Szczecin ni "shchechin". Irabu zao nyingi ni safi na fupi kama zetu. Ukiwa na haya tu, mwenyeji atakuongezea supu.

Hatua ya 2: Jifunze kuhesabu hadi mbili

Hadi mbili tu, na usione haya kutumia wiki nzima. Meza mbili ni *dwa stoły*. Wanawake wawili ni *dwie kobiety*. Wanaume wawili ni *dwaj mężczyźni*, au ukipenda *dwóch mężczyzn*. Watoto wawili ni *dwoje dzieci*, na *dwoje* hiyo hiyo hutumika kwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja. Hapo bado hujagusa namna saba ambazo nomino hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi.

Hapa pana ulinganisho wa kwanza wenye maana. Katika wingi, Kipolandi huwatenga wanaume na kuvikusanya vingine vyote upande wa pili. Wanawake, mbwa na meza "walikuwapo" kwa kitenzi kimoja, *były*. Wanaume wana chao, *byli*. Wanawake mia wakiwa ukumbini, akaingia mwanamume mmoja, kitenzi cha kundi lote hubadilika na kuwa *byli*. Kiswahili kimeupitisha mpaka wake kwingine: mwanamke, mwanamume, mbwa na nyuki wote *wamekuja*, meza *zimekuja*. Kwetu kinachoangaliwa ni uhai.

Zuia ulimi hapo hapo. Mgeni wa pili ataruka na kusema kwamba basi Wapolandi humwona mwanamke kama meza. Sarufi hurithiwa, haipigiwi kura na kila kizazi. Kinachoonyesha watu wanafikiri nini leo ni mabishano yao, na Wapolandi wanabishana kwelikweli kuhusu majina ya kike ya kazi: je, waziri mwanamke aitwe *minister* au *ministra*? Mwaka 2019 Baraza la Lugha ya Kipolandi lilitoa msimamo juu ya majina hayo, na ubishi haujaisha. Sikiliza ubishi huo kabla ya kuandika hata mstari mmoja juu ya "mtazamo wa Kipolandi".

Hatua ya 3: Uliza kuhusu kiazi

Nunua viazi mviringo, uviweke mezani, uulize vinaitwaje. Kitabu cha shule kitakujibu *ziemniaki*, kutokana na *ziemia*, yaani ardhi. Wengine watasema *kartofle*, neno lililotoka Ujerumani. Mtu wa Poznań atasema *pyry*, na kwa fahari, maana watu wa huko wenyewe hutaniwa kwa jina hilo. Wenyeji wa Podhale, chini ya milima ya Tatra, wanaviita *grule*. Kaskazini kwa Wakashubi utasikia *bulwy*.

Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu. Wewe mwenyewe unajua kwamba kiazi hicho ni kiazi ulaya kwa mmoja, mbatata kwa mwingine, na waru kwa kijana wa Nairobi. Ndiyo maana nasema unafaa kwa kazi hii: umekulia katika lugha yenye milango mingi.

Baada ya kiazi, muulize mtu anasemaje anapotoka kwenda nje. Wa Warszawa huenda *na dwór*, neno ambalo pia ni ua au jumba la bwana. Wa Kraków huenda *na pole*, yaani shambani, hata kama nje ya mlango wake kuna lami na tramu. Wawili hao wataanza kutaniana wenyewe. Kaa kimya na uandike. Hakuna mwalimu wa isimu atakayekupa somo bora zaidi usiku huo.

Sababu za tofauti nyingi zimo katika historia. Kati ya mwaka 1772 na 1795 Prussia, Austria na Urusi ziligawana Polandi hadi ikafutika kwenye ramani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Poznań ilitawaliwa na Prussia, Kraków na Austria, Warszawa na Urusi. Kila utawala uliacha maneno yake katika ofisi, sokoni na jikoni. Hadi leo mfuko wa karatasi Poznań ni *tytka*, na andazi la kuzungushwa ni *szneka*, kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya konokono. Msingi wa lahaja zenyewe ni wa zamani zaidi ya mipaka hiyo. Kazimierz Nitsch, aliyezaliwa 1874 na kufa 1958, alizipanga lahaja hizo kwa makundi ambayo wanafunzi wanayasoma mpaka sasa: Wielkopolska, Małopolska, Mazovia na Silesia, na Kikashubi kando yao. Sikio lako litazitambua haraka baadhi ya alama: katika vijiji vingi vya Mazovia na Małopolska, sauti sh na ch zinageuka s na ts, na wazee hawaoni kwamba kuna kitu kimepungua.

Hatua ya 4: Neno "lahaja" likae mfukoni

Ukiwa Gdańsk au vijiji vya magharibi yake, usimwambie Mkashubi kwamba anasema lahaja ya Kipolandi. Tangu sheria ya mwaka 2005 Kikashubi kinatambuliwa kuwa lugha ya jimbo: kinafundishwa shuleni, kinafanyiwa mtihani wa kumaliza sekondari, na kimo kwenye vibao vya majina ya vijiji. Nyuma ya sheria hiyo kuna kazi ndefu, kuanzia kwa Florian Ceynowa wa karne ya 19, aliyekiandikia sarufi na kukipa maandishi wakati wengi walikiona kuwa usemi wa wavuvi na wakulima tu.

Ukiwa Katowice, kuwa mwangalifu zaidi. Katika sensa ya mwaka 2011 zaidi ya watu nusu milioni walisema wanatumia Kisilesia nyumbani. Aprili 2024 bunge lilipitisha sheria ya kukitambua kuwa lugha ya jimbo. Mwezi uliofuata Rais Andrzej Duda aliikataa. Wakati huo huo Wasilesia walikuwa wameshakiandikia vitabu. Grzegorz Kulik alikitafsiria hadithi ya Antoine de Saint-Exupéry kuhusu mwanamfalme mdogo, akaiita *Mały Princ*. Wataalamu wengine wa lugha wanakiita lahaja, wengine lugha, na pande zote mbili zina hoja. Wewe mgeni una njia rahisi na ya heshima: kiite Kisilesia. Jina hilo linatosha, wala halimvunjii mtu adabu.

Kisha sikiliza maneno ya kazi. Mgodi wa makaa ni *gruba*, mchimbaji wa kwenye uso wa mwamba ni *hajer*, na yote mawili yamepitia Kijerumani. Mchimbaji huyo hakuazima maneno kwa kujionyesha. Alifanya kazi bega kwa bega na wenye lugha nyingine, chini ya ardhi, mahali ambapo kuelewana haraka ni suala la kuokoa maisha. Huko ndiko lugha hugusana kwa kweli.

Hatua ya 5: Fuata treni

Anayetaka kuuelewa mgusano wa lahaja nchini Polandi asome ratiba za treni za miaka ya 1945 hadi 1947. Vita vilipokwisha, mipaka ya nchi ilisogezwa magharibi. Wajerumani wa Wrocław na Szczecin walifukuzwa; Wapolandi wa mashariki, kutoka Lwów, Wilno na Wołyń, walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa katika nyumba hizo. Wakaja na wengine kutoka katikati ya nchi, na wengine waliorejea kutoka Bosnia. Wrocław ilipokea maprofesa wa Lwów na sehemu ya maktaba yao maarufu, Ossolineum.

Fikiria kijiji kimoja chenye majirani hao wote. Huyu ana lafudhi ya Lwów, yule ana maneno ya Bosnia, na watoto wao wanacheza pamoja. Shule, jeshi na redio vilileta Kipolandi sanifu, na watoto wakakifanya kuwa lugha ya uwanjani. Kwa hiyo vijana wa magharibi ya nchi wanasema Kipolandi kilicho karibu sana na cha vitabuni. Ukikutana na kijana wa Wrocław asiye na lafudhi yoyote, usimwambie hana lahaja. Muulize bibi yake alitoka wapi.

Treni nyingine ilifika kwetu. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu Wapolandi wa mashariki hadi Siberia na Kazakhstan. Baadhi yao walitoka kupitia Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu waliletwa Afrika Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, iliwapokea takribani 5,000; wengine walikaa Masindi na Koja nchini Uganda, na Ifunda, Kidugala na Kondoa katika Tanganyika. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Kambini palikuwa na shule za Kipolandi, ambako watoto wa vijiji vya Polesie na Wołyń walisoma lugha sanifu huku soko la nje likinena Kiswahili. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo, na majina yaliyochongwa yanasomeka. Msomaji wa Arusha anaweza kwenda huko na kufanya zoezi la Hatua ya 1 kwa sauti ya chini, kwa adabu inayostahili mahali hapo.

Hatua ya 6: Salimia kabla ya kudadisi

Usimwite mtu mzima *ty*, yaani wewe, mpaka akuruhusu. Tumia *Pan* kwa mwanamume na *Pani* kwa mwanamke, na kitenzi kiwe cha nafsi ya tatu: unamtazama usoni na kumuuliza "Je, Bwana anajua?" Kwa Mswahili si jambo geni, maana nasi humuuliza mzee "Babu ameamkaje?" naye yuko mbele yetu. Watu wanapotaka kuhamia *ty* hukubaliana waziwazi, na desturi ya zamani ina jina lake, *bruderszaft*: mnapitisha mikono, mnakunywa, mnatajiana majina ya kwanza. Asiyekunywa pombe aseme tu. Mkono na jina vinatosha.

Pana tofauti ya kuangaliwa. Shikamoo hupimwa zaidi kwa umri. *Pan* na *Pani* hupimwa zaidi kwa umbali kati ya watu. Muuza duka mwenye miaka 20 ni *Pani* kwa mteja mwenye miaka 70. Lakini usiishie mjini. Katika vijiji vingi mtoto alimwambia mama yake *wy*, yaani ninyi, kwa heshima, na Silesia walikuwapo waliowataja wakubwa kwa "wao" mbele yao, kama Wajerumani wa zamani. Adabu pia ina jimbo lake.

Hatua ya 7: Sasa, na sasa tu, linganisha dhana

Wapolandi wenyewe wametuandalia zana. Anna Wierzbicka, mzaliwa wa Warszawa mwaka 1938 aliyehamia Australia 1972, ametumia maisha yake akitafuta maneno machache ya msingi yanayopatikana katika lugha zote, ili dhana za watu zielezwe bila kuzilazimisha ziingie katika Kiingereza. Kitabu chake cha 1997 kinalinganisha urafiki, uhuru na nchi ya asili katika lugha kadhaa. Lublin nako, Jerzy Bartmiński, aliyefariki 2022, na wenzake walijenga shule ya kuchunguza picha ya dunia iliyomo katika lugha. Kuanzia 2015 walitoa juzuu za kulinganisha dhana tano za Waslavoni na majirani zao: nyumba, Ulaya, kazi, uhuru na heshima.

Chukua njia yao ya vikapu vitatu. Cha kwanza ni mfumo wa lugha: kamusi, misemo, maneno yaliyozaliwa na neno unalolichunguza. Cha pili ni hojaji: waulize watu ni nini kinachoifanya nyumba iwe nyumba ya kweli. Cha tatu ni matini: magazeti, hotuba, mazungumzo, hadithi. Vikapu vitatu vikikubaliana, sema. Visipokubaliana, sema kwamba havikubaliani, kwa kuwa huko ndiko kulikolala utamu.

Jaribu na uhuru. Kiswahili kina neno moja kwa siku ya bendera na kwa mtu asiyebanwa: Tanganyika ilipata uhuru 1961, na mfungwa akiachiwa yuko huru. Kipolandi kina mawili. *Wolność* ni uhuru wa mtu, wa mnyama aliye porini, hata wa kiti kisichokaliwa, ambacho ni *wolny*. *Niepodległość* ni uhuru wa taifa, na ndani yake mna maana ya kutolala chini ya mwingine. Husherehekewa 11 Novemba, siku ya mwaka 1918 iliyofunga miaka 123 ya kugawanywa. Kwa hiyo ukiulizwa *wolność* ni nini kwa Kiswahili, usijibu neno. Uliza: katika sentensi gani?

Kisha jaribu na *dom*. Anayeharakisha ataandika "nyumba" na kufunga daftari. Lakini *dom* ni jengo, ni familia, na ni nyumbani kwa pamoja. Sisi tumegawa: nyumba hununuliwa, nyumbani hapauzwi, na kwetu panaweza kuwapo hata jengo likiwa limebomoka. Je, Mpolandi hana "kwetu"? Analo, ila lisake mahali pengine: *u nas*. Ni maneno mawili madogo, na wazee wa Wrocław waliotoka Lwów waliendelea kwa miaka mingi kusema "u nas" wakimaanisha mji walioachishwa. Kijana wa mji huo huo akisema "u nas" anamaanisha Wrocław. Maneno ni yale yale, meza ni ile ile, na kwao ni tofauti. Kamusi haitakuambia hivyo; bibi na mjukuu watakuambia.

Methali ziache zisemane zenyewe. Wao husema *Gość w dom, Bóg w dom*: mgeni aingiapo, Mungu ameingia. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zinapendeza zikiwa jozi. Lakini Mswahili ana nyingine pia, ya siku mbili na jembe, na mwandishi mwaminifu huziandika zote. Bahili naye, kwetu ana mkono wa birika. Kwao ana nyoka mfukoni. Picha ni mbili, bahili ni yule yule.

Hatua ya 8: Rudisha ulichoandika

Usichapishe kabla ya kumsomea mwenye lugha. Msomee Mpolandi wa Kraków na wa Poznań, na Mkashubi akipatikana. Wakikusahihisha kwa namna tatu tofauti, umefanikiwa, na masahihisho yote matatu yaingie.

Kisha tazama upande wa pili wa daraja. Wapolandi wametusoma kwa muda mrefu. Rajmund Ohly alifanya kazi Dar es Salaam katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, akaandika juu ya nathari yetu ya miaka ya 1970 na kutoa kamusi ya istilahi za ufundi mwaka 1987. Iwona Kraska-Szlenk wa Chuo Kikuu cha Warszawa amechunguza jinsi Kiswahili kinavyotumia moyo, kichwa na mkono kusema mambo ya nafsi. Mwanafunzi wa Warszawa anaweza kusoma Kiswahili chuoni kwake.

Wa kwetu waliokiandikia Kipolandi kwa Kiswahili ni wachache mno. Maana yake dhana zetu zinapimwa na wengine, na sisi hatujapima za kwao kwa kipimo chetu, ilhali kipimo tunacho: ngeli zinazotambua uhai, "kwetu" isiyohitaji ukuta, na uzoefu wa kuishi na Kiunguja, Kimvita na Kingwana bila kuacha kuelewana. Ulinganisho unaokwenda upande mmoja ni ukaguzi tu. Basi wewe uliyenunua kamusi nene, ninayekuzuia tangu mwanzo, sasa nakuruhusu. Andika hicho kitabu, kwa Kiswahili, na kila neno ndani yake ulitajie kwao.